Lami Katikati ya Mabati

Fundi Nyasani wa Nyaramba alikuwa na kiherehere, nami nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1971, wazee wa kanisa la Wasabato walimtaka Salat ahamishe kinu chake cha kusaga mahindi, maana kelele zilimeza mahubiri. Kiwanja kilikuwa cha kanisa, na Salat hakuwa na pengine pa kwenda. Nyasani, muumini wa hapo na rafiki yake, akasimama. "Mpeni hadi Sabato ijayo. Kelele nitazinyamazisha mimi."

Mkosaji alikuwa bati pana la kupokelea mahindi. Injini ikinguruma, bati linatetema na kupiga mayowe. Nyasani akalifungia bati la pili juu yake, mayowe yakazidi. Akakuna kichwa, akaenda kuokota lami iliyoachwa na watengenezaji wa barabara, akaipaka katikati ya mabati hayo na kuyabana. Ijumaa alasiri, jua likiwaka, walijaribu. Lami laini ilinyonya mtetemo wote, na Salat akamkumbatia. Jua likazama, Sabato ikaingia, Nyasani akaweka nyundo chini.

Lakini baridi ya asubuhi ya Nyaramba si mchezo. Lami iliganda ikawa ngumu kama jiwe. Wimbo wa kwanza haujaisha, bati likaanza tena. Mzee wa kanisa, Machogu, aligeuka akamkazia Nyasani macho. Ghafla, kimya.

"Maombi yamejibiwa!" Machogu akasema. Nyasani aliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Walipotoka, alimkuta Salat ameketi peke yake juu ya gunia. Akina mama Wakatoliki, wasioshika Sabato, walikuwa wamebeba mahindi yao kwenda kwenye kinu cha mbali.

"Nimezima, fundi," Salat akasema. "Leo ni siku yako ya ibada, usingeweza kuja kurekebisha. Sikutaka wakucheke."

Nyasani alirudi kwa Machogu akamweleza ukweli, kisha akaomba, "Nipeni asubuhi moja ya baridi, mzee."

Jumapili kabla ya jua kuchomoza alibandua lami, akatia mpira wa tyubu ya gari, ambao baridi haiugandishi. Wakawasha. Bati likatulia.

Sabato iliyofuata Machogu alihubiri hadi watu wakasinzia, na kila neno lilisikika. Nyasani hakusikia hata moja. Alikuwa ametega sikio nje, kwenye mngurumo mdogo, akitabasamu peke yake. Salat alikuwa anasaga.