Gobore Ndani ya Eda

Siku ya tatu baada ya kumzika mume wangu, kabla hata masufuria ya matanga hayajaoshwa, fundi cherehani wa nyumba ya pili aliketi barazani kwetu akaulizia gobore. Hakuuliza nimelala vipi wala kama nimekula. Alimtuma mama mkwe wangu ndani: "Mwambie shemeji anipe lile gobore nikalihifadhi. Bunduki si kitu cha kukaa na mwanamke."

Nilikuwa kwenye mkeka, nimejifunika, nimelia mpaka koo limekauka. Hasira ikapanda ikaipita huzuni. Nikajibu kwa sauti ya kufika barazani bila kubebwa na mtu.

"Halitoki."

Hapo ni Kariakoo, miaka ya hamsini mwanzoni. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma na mguu unaochechemea na fikra moja kichwani, kwamba watu wakijua wa kumwita na namna ya kumwita, hawaonewi ovyo. Gobore alilinunua kwa ajili ya nguruwe waliokuwa wakimaliza mihogo yetu ng'ambo ya Magogoni, na leseni aliikata kwa sababu hiyo hiyo. Wezi walipozidi mtaani akalileta nyumbani. Aliwakusanya wanaume, akawapangia zamu, kila mmoja na rungu lake na filimbi yake, na fundi akawa msaidizi wake. Mapatano yalikuwa mafupi: gobore likilia, kila mwenye miguu atoke. Nakumbuka lililia mara mbili tu, na mara zote mbili njia ilijaa watu kabla moshi haujatawanyika.

Kulikuwa na siri, na siri hiyo tuliijua wawili. Mimi ndiye niliyekuwa nikilishindilia. Natia baruti kiasi, juu yake kumbi la nazi, nashindilia kwa ufito wa chuma, kisha naweka fataki mahali pake. Basi. Tangu lihamie mjini halikutiwa risasi hata siku moja.

"Mwizi wa hapa ni mtoto wa mtu wa hapa," mume wangu alikuwa akisema. "Nikimuua, mama yake nitamtazama vipi?" Kisha anacheka. "Debe tupu haliachi kuvuma, mke wangu. Na sisi shida yetu ni mvumo." Aliniapisha nisimwambie mtu, kwa maana mtaa ukijua leo, wezi watajua kesho.

Wiki ya pili akaja sajini wa polisi. Nilizungumza naye nyuma ya pazia, kama ilivyopasa.

"Leseni ya marehemu imekufa naye, mama," akasema. "Silaha inatakiwa kituoni, na mwenye kukaa nayo ailete mwenyewe."

"Mwenyewe ni mimi, na mimi niko eda."

Miezi minne na siku kumi mjane hatoki. Mpaka siku ile mama mkwe alikuwa akinisihi nimpe fundi hilo balaa tupumzike. Lakini eda ilikuwa kitu chake. Alizihesabu siku zangu kwa kokwa za tende alizokuwa akizitia kwenye kikombe kila asubuhi, na hakuna serikali ambayo ingemharibia hesabu ile. Akamtokea sajini mlangoni.

"Baba, wewe ni Mwislamu au umevaa kofia tu? Mjane atolewe nyumbani kwa ajili ya chuma?"

Sajini akakohoa. Akasema basi, eda ikiisha nilipeleke, na mpaka siku hiyo nisithubutu kulifyatua. Nikasema nimesikia. Moyoni nilikuwa nimekwisha kuazimia kwamba nikitoka eda nitakwenda bomani kuomba leseni kwa jina langu, wacheke wakitaka kucheka. Bila ule mlio mtaa wetu ulikuwa milango tu, na nyuma ya kila mlango mtu anaogopa peke yake.

Fundi akashika uongozi wa ulinzi. Sitamnyima haki yake, zamu alizisimamia vizuri. Lakini walikuwa na kosa moja ambalo hakuna aliyeliona, kwa sababu lilivaa kanzu. Ijumaa adhuhuri wote walikwenda msikitini pamoja. Marungu nyuma ya milango, filimbi kwenye misumari, maduka yamerudishiwa tu kwa komeo, kwa kuwa nani ataiba watu wakiwa kwenye sala? Walimwamini mwizi kuliko walivyoniamini mimi.

Mimi niliona. Kazi yangu wakati ule ilikuwa kukaa nyuma ya dirisha. Mtaa niliokuwa nikiupita haraka na kapu la sokoni, sasa niliusoma nyumba kwa nyumba. Ijumaa mbili mfululizo walipita watu wawili na mkokoteni, wakinadi kwamba wananunua chupa. Ijumaa ya tatu walikuja kimya.

Walisimama kwa fundi. Komeo likanyanyuliwa, mlango ukafunguka, na punde nikaona cherehani yake inatoka, ile ya miguu, na juu yake furushi la nguo za sikukuu za watu. Nakiri kwamba shetani alininong'oneza. Waache, si alisema bunduki haikai na mwanamke? Na nikilifyatua, sajini atalichukua, labda na mimi mwenyewe. Nikamwona mke wa fundi akilini, na watoto wake wanne wanaokula kwa cherehani ile. Nikaenda uvunguni mwa kitanda kulitoa gobore.

Nilishindilia kama nilivyozoea. Nikatoa mtutu kati ya nondo za dirisha, nikauelekeza juu, nikafyatua.

Wa kwanza kutoka alikuwa mpangaji wangu, mwanamke wa Kichaga, Mkristo, aliyekuwa uani akitwanga. Alipita ukumbini na mchi wake mkononi kama aliyeitwa kwa jina. Nyuma yake wakamiminika wanawake kutoka kila nyumba, huyu na mwiko, yule na mbuzi ya kukunia nazi. Mwizi mmoja alitimua mbio akaacha kiatu. Wa pili alibanwa kati ya mkokoteni na mtaro.

Nilisimama kizingitini, gobore limemwelekea. Mama mkwe alikuwa amenikamata kanga kwa nyuma. "Usivuke! Usivuke!" Sikuvuka. Yule kijana aliutazama ule mtutu, midomo ikimcheza, nami nilijua kwamba ndani hamna kitu, hata baruti sasa hamna.

"Kaa chini," nikamwambia.

Akakaa. Mpangaji wangu alikuwa ameinua mchi. "Asipigwe!" nikapaza sauti. "Ni mtoto wa mtu." Mchi ukashuka taratibu. Tukamlinda hivyo hivyo mpaka wanaume waliporudi mbio, wamekunja kanzu mikononi.

Alasiri sajini akafika. Alichungulia mtutu, akaunusa, akakagua ukuta wa mbele.

"Ulitia risasi ngapi? Mtu angekufa hapa, mama."

Mtaa mzima ulikuwa nje, na fundi mbele ya wote. Kusema uongo kungenipeleka jela. Kusema kweli kungemvunja mume wangu kaburini. Nikasema kweli, nyuma ya pazia.

"Sikutia hata moja. Na marehemu hapa mtaani hakuwahi kutia."

Mtu mmoja akacheka, akajinyamazia. Fundi hakucheka. Alilitazama lile gobore kama anavyotazamwa rafiki aliyekuficha jambo miaka mingi.

Sajini alilichukua, na nilipomwomba leseni kwa jina langu akasema nisiote kuipata. Siku ile nililia, nasema bila aibu. Kile kitako kilikuwa cheusi kwa jasho la mikono ya mume wangu, na sikuwa na kitu kingine chenye alama yake.

Nililia jioni ile tu. Asubuhi nilimwita mpangaji wangu, nikampa ujumbe aupeleke nyumba kwa nyumba. Ijumaa, wanaume wakienda kusali, wanawake watoe vinu barazani. Yeye mpangaji mwenyewe, kwa kuwa ni Mkristo na hana sala ya Ijumaa, akae pembeni mwa njia alinde. Kinu kitupu kikigongwa mara tatu, kila mwenye miguu atoke. Mama mkwe alisikiliza yote, akatia kokwa yake kikombeni. "Na mimi nipewe mchi," akasema.

Ijumaa ikafika. Vinu vilikuwa vimepangwa mtaa mzima. Fundi alitoka na kanzu yake iliyopigwa pasi, akaja mpaka chini ya dirisha langu, akasimama ameangalia upande kwa heshima. Akapitisha mkono kati ya nondo. Alinikabidhi kufuli jipya alilolinunulia duka lake, limefungwa bila kutiwa mlangoni, pamoja na ufunguo wake. Mlango wake nyuma yake ulikuwa umerudishiwa kwa komeo tu, kama zamani.

"Gobore limekwenda," nikamwambia. "Unaniamini kwa kitu gani?"

"Hata lile lilikuwa tupu, shemeji."

Akaenda kusali. Nililiweka kufuli dirishani, nikaufunga ule ufunguo kwenye pindo la kanga, nikasogeza kigoda karibu na dirisha.