Rais wa Watu Wengine

Mume wangu na kaka yangu waligombana juu ya rais wa Amerika msimu mzima wa mvua, na kati yao hakuna aliyewahi kuvuka hata mpaka wa Zambia. Nasema hili mapema ili ijulikane kwamba hawakuwa watu wa siasa. Mume wangu alikuwa mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Likasi. Kaka yangu, ambaye nilimwita yaya kwa kuwa alinitangulia kuzaliwa, alikuwa pasta wa kanisa dogo kule mtaa wa Panda, ndani ya ghala ambalo wenyewe waliliacha bila milango. Nyumba zetu zilitazamana, na kati yake palikuwa na barabara, ua wa mabati yenye kutu na mipapai michache.

Ilikuwa miaka ambayo kila kitu kilikuwa kimesimama. Mabomba ya moshi ya viwanda yalikuwa safi kama sufuria mpya. Vita vilikuwa vimeanza tena upande wa mashariki, mji ulikuwa umejaa askari wasiojua majina ya barabara zetu, na vyama vya siasa vilikuwa vimekatazwa. Watu walisema kwa sauti ya chini hata walipozungumza juu ya mvua. Lakini juu ya Amerika tulisema kwa sauti kubwa, kwa sababu tulidhani Amerika haina masikio upande wetu.

Umeme ulikuja ulipotaka. Kwa hiyo mchana nilianika mapile, yaani betri za radio, juu ya bati, pembeni ya mihogo yangu, yapate nguvu kidogo ya jua. Jioni, kabla giza halijaingia, mume wangu aliiweka radio kwenye barza, pale mbele ya mlango, akavuta waya wa antena hadi kwenye mpapai, akatafuta matangazo ya Kifaransa kutoka ng'ambo. Wanaume wa mtaa wetu walikuja na viti vyao. Alikuja fundi cherehani wa pembeni, na jirani aliyekuwa karani wakati kulikuwa bado na ofisi. Vijana waliorudi kutoka machimbo ya Kamatanda na magunia ya mawe juu ya baiskeli walisimama nje ya ua, wakasikiliza huku wamezishika baiskeli zao. Wengi hawakufuata Kifaransa cha haraka, basi mume wangu aliwatafsiria.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Rais wa kule alikuwa ameapa kusema ukweli mbele ya sheria, kisha ikasemekana kwamba alidanganya, juu ya mambo yake na mwanamke kijana. Wabunge wa chama kisichokuwa chake walitaka aondolewe. Wa chama chake walimkinga. Kaka yangu alikuwa upande wa waliotaka aondoke. Mume wangu alimtetea rais kana kwamba ni mtoto wa shangazi yake.

Kila jioni ilikuwa hivyo. Kaka yangu alisema kwamba mtu aliyegusa Biblia kwa mkono wake akadanganya hawezi kuongoza hata kwaya. Mume wangu alijibu kwamba wale wabunge hawakuwa wanatafuta utakatifu, walitafuta kiti. Wao wenyewe, wakipekuliwa, wangekutwa na mambo yao. Kaka yangu alipandisha sauti. Alikuwa amezoea kuhubiri bila kipaza sauti katika ghala lenye mwangwi, na hakujua namna nyingine ya kusema jambo alilokuwa na uhakika nalo.

"Prezida mwenye anadanganya bantu," alisema jioni moja, amesimama, "atoke. Bamuulize maneno mbele ya bantu yote, na kama alidanganya, atoke."

Mimi nilikuwa nakaanga vitumbua pembeni. Sikuwa upande wa mmoja wao. Nakumbuka tu kwamba niliacha kugeuza vitumbua, vikaungua upande mmoja, kwa sababu nilikuwa nawaza juu ya watu wanaoweza kumweka mkubwa wao kwenye kiti na kumuuliza: ulifanya nini siku fulani? Hilo ndilo nililolionea wivu. Niliyageuza macho kwenye barabara. Vijana wa baiskeli walikuwa wameondoka, na kulikuwa na mtu nisiyemjua anapita polepole upande wa pili wa ua.

Mpaka leo sijui kama ni yeye aliyepeleka maneno yetu. Huenda alikuwa mmoja wa waliokaa kwenye viti vyetu.

Walikuja asubuhi, wakati mume wangu anafunga viatu kwenda shule. Walikuwa wawili, mmoja na bunduki, mmoja na kofia ya kawaida. Yule wa kofia alisalimia vizuri. Aliuliza radio iko wapi, nikamwonyesha, akaibeba na waya wake. Kisha akamwambia mume wangu kwamba mukubwa anataka kusema naye kidogo. Mume wangu alinitazama na kusema nipeleke ujumbe shuleni kwamba atachelewa. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayekwenda kununua chaki, na hapo ndipo nilipoogopa.

Lazima nieleze kwa nini niliogopa zaidi ya wake wengine. Wazazi wa mume wangu walikuwa watu wa Kasai waliokuja kufanya kazi ya mgodi zamani. Miaka michache kabla ya hapo, watu wa Kasai walifukuzwa kutoka nyumba zao katika mji huu, wakiitwa wageni. Walilala kituo cha treni na magodoro yao, wakingoja mabehewa, na wengine walikufa wakingoja. Ndugu zake wote waliondoka. Yeye alibaki kwa sababu mimi ni mtu wa hapa, na kaka yangu alikuwa amesimama mlangoni kwetu siku nyingi na Biblia yake, akiwaambia waliokuja kwamba humu ndani hakuna mgeni. Tangu wakati huo mume wangu hakuwahi kutoa maneno juu ya serikali yetu. Maneno yake yote aliyapeleka Amerika.

Nilienda kwanza kwenye lile jengo walilolichukua askari wa usalama, nikazuiwa getini. Mlinzi mmoja alinihurumia. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba bwana wangu anashtakiwa kwa kukusanya watu na kusema prezida ni mwongo, atoke, bantu bamuulize maneno mbele ya wote.

Niliyajua maneno yale. Nilijua pia hayakutoka kinywani mwa mume wangu.

Nilimkuta kaka yangu kanisani, anatoa kwa ufagio maji ya mvua yaliyoingia. Nilimweleza. Aliuegemeza ufagio ukutani akauliza jambo moja tu, kama mume wangu alikuwa amemtaja. Nikamwambia sijui. Alitoka. Nilimfuata hadi kwake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Mke wake alinitazama, nami nikamtazama, na sote tulikuwa tunasikiliza dirisha la nyuma. Mtu angeweza kulipita kwa urahisi na kufika barabara ya Kakontwe kabla hatujamaliza kunywa maji. Sikumlaumu moyoni. Alikuwa na watoto wadogo kuliko wangu.

Mlango ulifunguliwa. Alikuwa amevaa suti yake ya kubatiza, ile nyeusi, na tai.

Tulikwenda kwa miguu. Mvua ilianza tukiwa njiani na hakutafuta mahali pa kujikinga. Alisema mara moja tu, bila kunigeukia.

"Nitasema kweli. Lakini sitaongeza."

Kwa ajili ya ile suti, nadhani, walitupitisha. Mkubwa wa pale alikuwa kijana, mwembamba, mwenye kikohozi, na Kiswahili chake kilikuwa cha mashariki. Radio yetu ilikuwa juu ya meza yake. Waliagiza mume wangu aletwe, akaletwa bila viatu na bila miwani. Bila miwani alikuwa mtu wa kutafuta kila sauti inatoka wapi, na alipoingia aligeuza kichwa huku na huku mpaka niliposema, "Niko hapa."

Kaka yangu hakungoja kuulizwa. Alisema maneno yale ni yake, kwamba shemeki wake hakuyasema, na kwamba aliyasema juu ya prezida wa Amerika.

"Kila mtu anayeletwa hapa alikuwa anasema juu ya Amerika," alijibu yule kijana. Hakuwa anacheka. "Na huyu? Alikuwa anasema juu ya nani?"

"Huyu anamutetea yule prezida. Siku zote anamutetea, hata katika zambi."

Mume wangu aligeuka upande wa sauti ile. Nilimfahamu vizuri, nikajua linalokuja, nikatamani kumziba mdomo.

"Hapana, shemeki," alisema. "Sikutetea zambi. Nilisema wale wanaomushitaki banatafuta kiti yake. Ile haiko sawa na kusema hana kosa."

"Kama iko na kosa, juu ya nini abaki?"

"Juu bantu balimuchagua. Kumutosha kwenye kiti iko kazi ya sheria, haiko kazi ya hasira."

"Na kiapo? Kiapo yake iko wapi?"

Wakaendelea. Mmoja amelowa hadi kwenye soksi, mwingine yuko miguu mitupu na mdomo wake umevimba upande mmoja, wakaendelea na ugomvi ule mbele ya bunduki kana kwamba wako kwenye barza yangu. Walitaja baraza la wabunge na baraza la maseneta, nani anashtaki na nani anahukumu, kura ngapi zinatakiwa. Hawakuwa wanaigiza. Kaka yangu alikasirika kweli, niliona mshipa wa shingo. Na yule kijana aliacha kukohoa. Alikuwa anamtazama anayesema, kisha anayejibu, na mdomo wake ulikuwa wazi kidogo. Nilianza kuona kwamba anasadiki. Hakuna mtu angeweza kutunga ugomvi wa namna ile.

Aliinua mkono wakanyamaza.

"Sawa," alisema. "Ni Amerika. Nimeelewa. Sasa nawauliza mimi. Wa hapa, rais wetu, akidanganya?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Askari wa mlangoni alihamisha uzito wa mwili wake kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Kaka yangu alinyoosha tai yake iliyolowa. Nilikumbuka aliyoniambia njiani, kwamba hataongeza, na nikamwomba Mungu amshikilie hapo hapo. Nilidhani mume wangu naye atanyamaza. Alikuwa amenyamaza miaka yote ile.

"Kwetu hakuna mahali pa kumuuliza, mukubwa," alisema. Alisema taratibu, kama anavyomjibu mwanafunzi. "Basi hatuwezi kujua kama anadanganya."

Yule kijana aliishika radio, akakizungusha kitufe ingawa ilikuwa imezimwa. Kisha akatuambia mimi na kaka yangu tutoke, twende nyumbani, na asisikie tena kwamba watu wamekusanyika kwetu. Kaka yangu akasema atabaki na shemeki wake. Askari alimshika mkono wa suti akamtoa.

Walimshikilia mume wangu hadi Jumapili ya wiki iliyofuata. Kila siku nilipeleka bukari, ugali wetu, na mboga getini, na kila siku niliirudisha sahani tupu bila kujua nani aliyekula. Mtaani watu walinisalimia kutoka mbali. Fundi cherehani alipita kwa njia nyingine. Kaka yangu alikuja kila asubuhi na jioni, akaketi kwenye barza, mahali ambapo kila mpita njia angemwona. Aliambiwa na waumini wake aache kufanya hivyo. Hakuacha.

Jumapili hiyo niliona mtu anatembea karibu na ukuta, anaugusa kwa vidole. Sikumtambua mpaka alipofika kwenye ua wetu. Nilimkalisha, nikamwosha miguu. Nilimuuliza kama anataka chai, hakujibu, nikauliza tena, na ndipo nilipofahamu kwamba sikio la kushoto halisikii. Halikusikia tena. Hakunieleza walichomfanya. Alisema tu kwamba yule kijana hakuwepo wakati ule, na mimi niliamua kusadiki hivyo, kwa sababu yeye alitaka nisadiki.

Radio haikurudi. Habari za mwisho wa kesi ile zililetwa na dereva wa lori aliyekuwa na radio yake ndani ya gari; alimwambia kaka yangu sokoni, na kaka yangu akavuka barabara kuja kwetu. Alijiweka upande wa kulia wa mume wangu.

"Shemeki," alisema, "prezida yako amebaki. Kura hazikutosha."

Mume wangu aliuliza kama walipiga zile kura waziwazi, kila mtu kwa jina lake. Kaka yangu alijibu kwamba ndivyo alivyosikia, mmoja mmoja, mbele ya dunia nzima. Mume wangu alitikisa kichwa. Nilingoja afurahi, maana upande wake ulikuwa umeshinda. Aliomba maji ya kunywa, na baadaye wakazungumza juu ya mahindi yaliyoanza kuoza kwa mvua nyingi.

Miaka ilipita kabla sijamuuliza. Tulikuwa tunachambua maharage, mimi na yeye tu. Nilimuuliza kwa nini alijibu vile, wakati yule kijana alikuwa tayari kutuacha, na kama angejibu vile tena. Akasema hakutaka kuwa shujaa, aliogopa sana, na kama ningemtazama vizuri ningeona.

"Lakini lilikuwa swali ya muzuri," alisema. "Maisha yangu yote, hakuna mutu wa serikali aliniuliza swali."

Akaendelea kuchambua. Nilimwambia vidole vyake vinapitisha mawe, akaanza upya.