Shujaa Aliyeanguka Katikati

Dafroza, jirani yangu wa Mugoma, ndiye mwanamke pekee aliyekataa kumlilia shujaa wa sinema. Mumewe Pancras alikuwa amekwenda vitani na mgambo wenzake, na habari zake zilikatika tangu mahindi yalipokuwa machanga.

Jioni moja gari la sinema lilitundika shuka jeupe pale ofisi ya kijiji. Tukamwona shujaa wa zamani anaaga mkewe, anavuka mto, anapiga majeshi kama anapura maharage. Mara mkuki, pu! kifuani. Akaanguka, na shuka likazimika.

Uuwi! Mimi nililia hadi mbwa wa Burundi, ng'ambo ya mpaka, wakaitikia. Mtu amekufa mbele ya macho yetu!

"Tulieni, mama zangu!" Celestini, mwenye mashine, alipiga kelele. "Nabadilisha mkanda tu! Hii ni nusu!"

Nani amsikilize? Tulikwenda zetu kuomboleza. Alibaki Dafroza peke yake.

Kesho yake shamba la ujamaa halikuguswa. Kwetu msiba ukiwapo, jembe halishikwi. Mwenyekiti alikuja mishipa imemtoka. "Nani amefiwa?"

"Sote," nikamjibu.

Restituta, mama mkwe wa Dafroza, alitoka kwenye kilio kile na wembe mkononi. "Mwanangu kaanguka vile vile. Kaa chini nikunyoe, mjane wewe."

"Mama, mliondoka katikati. Yule mtu aliinuka! Celestini anasema mashujaa wa sinema huanguka katikati, ili watu wakae wamalizie. Sinyolewi."

"Pancras si picha!"

"Najua." Akausukuma wembe kando. "Lakini mwisho wake sijauona."

Hakunyolewa, wala hakuchana, akimngoja mumewe. Nywele zile zilikua, wajukuu zangu, hadi kuku wangu akaingia kutaga, na hapo sidanganyi sana.

Msimu uliofuata tuko shambani tunapalilia, akatokea mtu mwembamba, koti la jeshi, mguu mmoja na mkongojo. Pancras! Tulitupa majembe. Restituta alianguka kama gunia. Mwenyekiti aliruka mtaro, tumbo na yote.

"Nani amekufa?" Pancras aliuliza.

"Wewe!" nikamjibu kutoka juu ya mti.

Dafroza hakukimbia. Aliutazama ule mguu usiokuwapo, mdomo wazi, machozi yanashuka.

"Yule wa sinema," akasema mwishowe, "alirudi mzima, tena na ng'ombe."

Pancras akamtazama kichwani. "Na mkewe alikuwa amechana nywele?"