Chura Nyuma ya Mtungi

Kazi yangu ni kuua vyura, sina haja ya kuzunguka. Katika maabara ya chuo ninakofanya kazi, hapa Tabora, tunachukua ngozi, ini na bandama ya chura, tunasaga kwenye kinu kidogo kilichowekwa juu ya barafu, kisha tunadondosha maji yake kwenye kisahani kilichoota bakteria. Kesho yake, pale palipodondoka tone panakuwa na duara safi, kama mtu amefuta kioo chenye vumbi kwa kidole. Ndani ya chura mna kimeng'enya kinachobomoa ukuta wa bakteria mpaka anapasuka. Ni mojawapo ya kinga zake, ndiyo maana anaweza kukaa kwenye tope linalonuka, na michubuko yake, asioze.

Mume wangu alioza. Alijikata mguu kwa jembe kwenye jaruba letu la mpunga huko Ntalikwa, akabandika tumbaku, akafunga kitambaa, akaendelea kulima. Nilifoka. Akanicheka, akasema mguu ni wake. Alipokubali kwenda hospitali, sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Alikwenda akiongea, akarudi amefunikwa shuka.

Matanga yalikuwa hayajaanuliwa chura alipoingia ndani, akaenda moja kwa moja kukaa nyuma ya mtungi wa maji ya kunywa. Kwetu, mnyama akiingia kwenye nyumba yenye msiba hafukuzwi, maana hujui ametumwa na nani. Mama mkwe wangu, Mkatoliki wa rozari asubuhi na jioni, akamwekea kisahani cha maji bila kuuliza mtu. Ningesema nini, na nyumba ni ya mwanawe?

Ila jioni, jua likizama, yule chura alikuwa anatoa sauti moja fupi, kavu. Na marehemu alikuwa na tabia ya kukohoa mlangoni kabla hajaingia. Basi mimi niko jikoni nakata mboga, kisu kinasimama chenyewe. Nilimchukia yule chura, wallahi. Mchana nawapasua wenzake, jioni ananikoholea. Arobaini ikapita, naye yupo.

Kiangazi kilipokolea, mama mkwe akakanyaga bati bovu uani. Akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akajifunga kipande cha kanga, akaficha. Niligundua kwa harufu kabla sijaona kidonda chenyewe. Harufu ile naijua, nililala nayo kitanda kimoja.

"Mayu, twende hospitali," nikamwambia. Mayu ndiyo mama, kwa Kinyamwezi.

"Siendi. Niliwapa mwanangu anaongea, wakanirudishia maiti."

"Walimpata amechelewa."

"Si wewe uliyetuambia chura ana kitu cha kuua vijidudu? Basi mimi wangu ninaye."

Na kweli, kila jioni alikaa chini, akanyoosha mguu pembeni ya mtungi ili chura ampitie. Nikamweleza mpaka mate yakanikauka: kisahani cha maabara si mguu wa mtu, kile kimeng'enya tunakitoa kwenye nyama yake, bado hakijawa dawa ya mtu yeyote, na ngozi ya chura aliye hai ina uchafu wake mwenyewe. Alinisikiliza vizuri sana.

"Umemaliza?" akasema. "Nipe maji ya kunywa."

Uvimbe ukapanda hadi kwenye kifundo, homa ikaanza. Nikamwona anakwenda vilevile alivyokwenda mwanawe, mimi nikiwa nimesimama palepale pa siku zile, na maneno yaleyale yasiyosikilizwa. Nilimsihi tena. Akasema atakwenda iwapo mwanawe atamruhusu, na kidevu chake kikaelekea nyuma ya mtungi, kwa chura.

Nikapiga magoti. Nilikuwa nimekusudia hila tu. Mzee akitaka ruhusa, apewe ruhusa.

"Mume wangu," nikamwambia chura, "mama yako anaoza kama ulivyooza wewe. Mruhusu aende."

Ningeishia hapo. Lakini mdomo haukufungika. Nikamwuliza kwa nini hakunisikiliza, kwa nini alinicheka, nani alimwambia mguu ni wake peke yake. Nililia kuliko nilivyolia makaburini. Chura alipumua tu, koo likipanda na kushuka, nami nikabaki nimeinama, nasubiri anijibu.

Mkono wa mama mkwe ukanigusa mgongoni.

"Amesikia, mwanangu," akasema. "Kaniitie bajaji."

Hospitalini walimkata nyama iliyooza, wakamchoma sindano za kutosha, na dawa zikamkubali. Amerudi nyumbani anachechemea, mkorofi kama zamani, anasema chumvi ya hospitali haina ladha. Mguu anao.

Mvua za kwanza zilinyesha majuzi. Vyura wa majarubani wakaanza kuitana, yule wa kwetu akatoka nyuma ya mtungi. Mama mkwe alimfungulia mlango, akamwangalia akirukaruka hadi kwenye majani, akasema, "Kazi yake imekwisha, mwache akapumzike." Kisha akamwaga maji ya kisahani, akakiosha, akakipanga na vyombo vingine.

Jioni ile nyumba ilikuwa kimya. Nilikata mboga zote, kisu hakikusimama hata kidogo. Nikanawa mikono, nikakichukua kile kisahani kabatini, nikakijaza maji, nikakirudisha nyuma ya mtungi.