Upande wa Pili wa Kaseti ya Mjane

Mjane wa askari nilimfahamu kwa sababu ya macho ya mama yangu. Nilikuwa nimemtoa mama katika kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale kumpeleka hospitali ya misheni ya Ruharo, Mbarara, kuondolewa mtoto wa jicho, na kwenye kitanda cha jirani alilala mama mmoja mwenyeji wa Kakiika, naye jicho moja limefunikwa. Mimi nilikaa mkekani nikisikiliza rege kwenye simu, sauti nimeipunguza. Yule mama akageuza kichwa.

"Hiyo makelele," akasema kwa Kiswahili chake cha kambi ya jeshi, "bwana yangu alikuwa napenda sana."

Marehemu mumewe alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi ya jeshi. Ujanani alipelekwa masomoni Uingereza, akapanga chumba kwa Mjamaika mmoja aliyefanya kazi studio. Alirudi na kaseti moja ambayo haikuwa na picha wala jina. Ndani yake, alisema, watu walikuwa wakiimba, wanaacha, wanacheka, wanaanza tena.

Yeye alikuwa akieleza tu. Mimi nilizima simu, nikausogeza mkeka karibu na kitanda chake.

Nitasema ukweli jinsi nilivyo. Kazi yangu ni kutengeneza redio na simu katika kibanda karibu na soko la kambi, lakini ugonjwa wangu ni rege ya zamani. Nilivuka mpaka kutoka Kivu Kusini na kaseti saba ndani ya sufuria. Tangu nipate simu yenye intaneti nimo katika kundi la wakusanyaji, wengi wao wa Ulaya, wanaotafuta nyimbo zilizorekodiwa zikaachwa makabatini bila kutolewa. Mle ndani asiye na kitu cha kubadilishana hajibiwi. Kwa miaka mitatu niliomba, nikasifu vitu vya wengine, na hakuna aliyenijibu zaidi ya kidole gumba.

Mama hao wawili waliporuhusiwa kutoka hospitali walikuwa wameshakuwa marafiki. Juma lililofuata nilikwenda Kakiika. Mjane aliishi katika nyumba ndogo katikati ya migomba, na kaseti ilikuwa kabatini, imefungwa kwenye leso. Nikamwambia nitaihamishia kwenye simu, kisha nitairudisha.

"Wewe ni kijana ya yule mama," akasema. "Chukua. Lakini rudisha."

Nilipoiweka kwenye mashine kibandani, nilisikia gitaa la besi, kisha mtu akahesabu hadi nne, kisha sauti ambayo kila mpenzi wa rege anaitambua, ikiimba wimbo ambao sijawahi kuuona kwenye orodha yoyote. Nilirekodi upande huo wote. Nikaigeuza. Upande wa pili kulikuwa na mwanamume akiongea Kinyankore, mtoto akikohoa, kuku. Nikasikiliza kidogo, nikaona ni mambo ya nyumbani, nikazima. Simu yangu haikuwa na nafasi kubwa.

Nilipotuma kipande kidogo kwenye kundi, watu ambao hawakuwahi kunisalimia waliniandikia siku hiyo hiyo. Mmoja wao, mkubwa wa wakusanyaji wote, alitaka kaseti yenyewe, si nakala. Angenipa nyimbo arobaini ambazo hazijawahi kutoka, na wimbo wangu angeuweka kwenye orodha yake pamoja na jina langu la mtandaoni. Ningependa kusema nilifikiri sana. Sikufikiri hata siku mbili. Niliituma kwa posta kutoka Mbarara, kisha nikala chapati pale nje nikiwa na furaha kabisa.

Ilibaki kumjibu mjane. Nikachukua kaseti yangu moja ya mahubiri, nikavuta utepe wote, nikaukunjakunja mpaka ukawa kama kiota, nikaupeleka Kakiika ndani ya leso ile ile.

"Mama, mashine ilikula kaseti. Unisamehe."

Alipokea ule utepe kwa mikono miwili. Akajaribu kuunyoosha kwa vidole, taratibu.

"Hakuna fundi naweza kushona hii?"

"Hapana, Mama. Imekufa."

"Ile muziki hapana shida," akasema. "Lakini upande ingine ilikuwa na sauti yake. Usiku ya kwenda safari ya mwisho alikaa na watoto, akawaombea, mmoja mmoja, na majina yao. Hakurudi. Mimi hapana kuwa na sauti ingine."

Akaurudisha utepe kabatini, kando ya medali ya marehemu. Mimi niliaga haraka.

Nilimwandikia yule mkubwa kwamba nataka kaseti irudi. Akajibu kwamba makubaliano ni makubaliano. Nikamwomba basi angalau upande wa pili. Alichukua wiki tatu. Siku moja ukaingia, pamoja na ujumbe kwamba amenisafishia kelele za nyuma. Sauti ya baba ilikuwa safi kama ya mtangazaji. Mtoto aliyekohoa hakuwepo tena, wala kuku.

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli. Badala yake nilikwenda na kadi ya kumbukumbu na spika ndogo, nikamwambia mjane kwamba nimeikuta nakala niliyoisahau kwenye kadi ya zamani. Akasikiliza amesimama. Majina ya watoto yalipotajwa, alitaja naye kila moja, nyuma kidogo ya mumewe. Ilipokwisha, mama yule, mwenye umri wa mama yangu mzazi, alipiga magoti kwenye sakafu ya nyumba yake akanishukuru.

Nilimwinua.

Kuanzia wiki hiyo alikuwa akimtumia mama yangu mikungu ya ndizi kwa dereva wa lori aliyekuja sokoni kwetu. Mama akasimulia kanisani, mchungaji akanisimamisha mbele ya watu, wakapiga makofi kwa sababu nimemrudishia mjane sauti ya mumewe. Kwenye kundi nako nilikuwa nikisifiwa, kwa wimbo. Nilizifungua zile nyimbo arobaini jioni moja, nikasikiliza mbili, nikafunga simu.

Mama ndiye aliyenikamata. Alikuwa anaona vizuri sasa, na aliniona siusogelei mlo wa zile ndizi.

"Kila siku ndizi ikikuja, unasema umeshiba," akasema. "Uko na nini na ule mama?"

Nikamwambia yote, mpaka utepe wa mahubiri. Akasukuma sahani yake.

"Ulimudanganya mara mbili, na mimi niko nakula ndizi yake. Wende umuambie. Usipoenda, nitaenda mimi."

Nilikwenda. Mjane alikuwa nje akimenya matoke, kisu hakikusimama wakati nikiongea. Nilipofika mwisho aliuliza kitu kimoja tu.

"Ile nyuzi uliniletea, ilikuwa ya nani?"

"Yangu, Mama. Ya mahubiri."

Akaingia ndani, akarudi na ule utepe, akaniwekea mkononi.

"Chukua kitu yako." Akakaa tena kwenye kigoda. "Wewe ungesema tu, nataka hii muziki. Mimi ningekupa. Mimi nilikuwa nasikia nini mule? Ningekupa, na ile ingine ungeniwekea kwa simu, ningekaa nayo."

"Nisamehe, Mama."

"Nimesikia," akasema, akaendelea kumenya. Hakusema amenisamehe, na sikuwa na haki ya kumwuliza tena.

Nilijitoa kwenye kundi, baada ya kumwandikia mkubwa barua mbili za kudai kaseti. Hakujibu hata moja. Wimbo uko kwake, na jina langu liko chini yake, na watu wasionijua wanaendelea kunishukuru.

Mwezi uliopita mama alikuwa na siku ya kupimwa Ruharo, akataka kwanza apite Kakiika. Nilimfikisha hadi kwenye migomba, nikabaki barabarani. Alikaa ndani zaidi ya saa nzima. Alipotoka nilimpokea mfuko, tukatembea kidogo kabla sijaweza kumwuliza kama mjane ameniulizia.

"Hapana," mama akasema. "Tumeongea mambo ya mvua, na muhogo yake yenye ilioza."