Mwalimu Aliyetufundisha Eshek

Vipande vya eshek vya Mwalimu Anselmi vilinukia siagi. Alivichonga mwenyewe kwa mti alioubeba kutoka kwao Kibua, kule msituni Walikale, na baridi ya Nyamitaba, milimani kwetu, ilipoanza kuvipasua, mama yangu alimpelekea siagi ya zamani, ile tuliyojipaka mwilini, ili avipake. Kwa hiyo darasa letu la udongo lilinuka kama nyumbani: siagi, moshi, mablanketi yaliyolowa ukungu. Eshek ni sataranji. Yeye alijifunza kwa mapadri akaiita kwa Kifaransa, nasi tukamfuata. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona farasi, wala mwalimu hakuwahi, basi mahali pa farasi alichonga ng'ombe mwenye pembe ndefu. Sisi watoto wa wachungaji tulimlilia ng'ombe huyo alipoliwa kana kwamba ametolewa zizini kwetu.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya utawala wa Wabelgiji, na mimi nilikuwa msichana mdogo ambaye meno yake ya mbele yalikuwa bado hayajarudi. Mwalimu Anselmi aliamini kwamba mtoto akifundishwa eshek mapema, kichwa chake hakitasinzia tena maisha yake yote. Kila alasiri alituweka wawili wawili mbele ya mbao zilizochorwa kwa makaa, watoto wa ng'ombe na watoto wa maharagwe, na sheria yake ilikuwa moja: usiguse kipande kabla hujasema kwa sauti mwenzako anataka nini. "Anataka kula ngombe yangu, mwalimu," nilisema siku moja, "sababu kwao hakuna hata mbuzi!" Bahati, mtoto wa mkulima aliyekaa mbele yangu, akajibu hapo hapo, "Na mama yako anakuja kuomba maharagi kwa nani?" Darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka kuliko wote. Kisha akainama kwangu akasema taratibu, "Umeona vizuri. Sasa tazama na kile atakachotaka baada ya hapo." Nilimpenda kwa neno hilo. Baba alinipenda, lakini hakuna mtu mzima mwingine aliyewahi kungoja nimalize kufikiri.

Msimu huo akaja mzungu aliyetaka kulima pareto. Chini ya malisho ya baba palikuwa na chemchemi, na kati ya mabwawa mawili ya matope ng'ombe wetu walikuwa na njia moja tu ya kuifikia. Maziwa yaliyotulisha, na yale mama aliyobeba kwenda kuuza Kirotshe kando ya ziwa, yote yalitoka katika maji yale. Wazee waliitwa kilimani wamsikilize mgeni, na kwa kuwa hakujua Kiswahili, Mwalimu Anselmi, ambaye mshahara wake ulitoka kwa wazungu, alivaa koti lake la Jumapili akawa mkalimani. Nilisimama nyuma ya baba nimeshika kibuyu cha maziwa ya wageni. Mgeni anaomba pahali padogo pa hema, mwalimu akatafsiri, karibu na maji, mpaka mvua zipite. Na kando ya hema, kitalu cha miche. Na barabara nyembamba ya kupitisha gari lake. Ng'ombe watakunywa kama kawaida, na kila asubuhi atanunua maziwa. Baba alikuwa anatabasamu. Alikuwa amekwisha kuyaona maziwa hayo yakinunuliwa mlangoni, na mgongo wa mama ukipumzika.

Mimi nilikuwa natazama kilima, na kwa mara ya kwanza nilikiona kama ubao. Hema pale, kitalu pale, barabara katikati ya mabwawa. Ng'ombe hawakubaki na pa kupita. Nilimvuta baba shati. "Papa, hataki hema. Anataka maji. Akiweka miche pale, atasema ngombe zinaikanyaga, atafunga njia." Wazee wakageuka. Mmoja akasema, "Mutoto wako anapiga siasa, wewe!" wakacheka. Nilimtazama mwalimu, kwa sababu yeye angejua. Nikamwuliza, kama darasani, "Mwalimu, huyu anataka nini?"

Alijua. Niliona macho yake yakishuka hadi kwenye chemchemi, yakapanda njia, yakarudi kwangu. Mgeni akauliza kwa Kifaransa mtoto anasema nini, na mwalimu akamjibu kwa maneno machache, mgeni akatabasamu, akanipapasa kichwa. Kisha mwalimu akaniambia, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Nyamaza. Hapa haiko darasa." Baba akaomba radhi kwa ajili yangu, akampa mzungu mkono.

Kabla ya mvua kwisha, seng'enge ilikuwa imefunga njia, kwa sababu ng'ombe walikanyaga miche. Tuliwapeleka mbali kutafuta maji, ndama wakafia njiani, na waliobaki baba akawauza. Mwaka uliofuata alikuwa akikamua ng'ombe wa mzungu yule, kwenye majani yetu, naye mama akichuma pareto mpaka vidole vikawasha. Nilirudi darasani kwa sababu baba aliniamuru. Mwalimu Anselmi alikaa mwenyewe mbele yangu, akamsogeza malkia wake mpaka pale askari wangu angeweza kumla, wazi, bila ulinzi. Hakuniuliza anataka nini. Nilijua, na sikumla. Tulikaa hivyo mpaka kengele ikalia, kisha nikaondoka, na sikuugusa ubao wake tena.

Sasa naishi mjini, naandika vitabu, na binti wa dada yangu, ninayemlea, anasoma katika shule yenye madirisha ya vioo. Juzi mwalimu wake, kijana mwema mwenye tai, aliniita aniombe ruhusa: wataanza kuwafundisha watoto wadogo eshek, wajifunze kufikiri. Alieleza kwa moto uleule nilioupenda zamani, na moyo ukaniuma. Nikamwambia nakubali, lakini anijibu jambo moja. Siku mtoto huyu atakapoona jambo la kweli mbele ya watu wazima, na kulisema kutakugharimu wewe kazi yako, utamwambia nini? Kijana akacheka, akanitazama kama mtu anayetafuta mzaha ulipo.

"Lakini Mama," akasema, "hii iko muchezo tu."