Mwanzi Niliomeza

Juzi nilimwona mjukuu wangu akilowesha kwa mate mwanzi wa klarineti, kile kipande chembamba kinachotoa sauti, nikakumbuka alasiri moja kwetu Mtendeni, Tabora.

Baba mdogo alipiga klarineti katika bendi ya askari, enzi za Mwingereza, na siku hiyo alianza kunifundisha. Klarineti ilinuka mafuta na tumbaku.

"Mwanzi usipokunywa maji hausemi," aliniambia. "Funika meno kwa mdomo wa chini, wala usiung'ate."

Nilipopuliza, ililia kama paka aliyekanyagwa. Nikashtuka, nikaung'ata, na kipande kikateleza kooni.

Niliogopa kusema. Mianzi niliijua: ikipata maji inaota. Jua lilikuwa kali, lakini mama aliponipa maji ya mtungini niliyakataa. Nilikaa nimeshika tumbo, nikisikiliza kama kuna kitu kinachomea.

Baba mdogo aliuona mwanzi uliomeguka. "Kipande kiko wapi?"

"Tumboni, baba. Nikinywa maji kitaota, nitakufa."

Hakucheka. Alichota maji, akanywa nusu. "Mimi nimemeza vingi," akasema, akanipa yaliyobaki.

Leo najua hakuwahi kumeza hata kimoja. Siku ile nilikunywa nimemshika mkono.